Nyani wa Mara na Mawazo Yetu

Kaa nusu saa kwenye foleni ya zahanati yoyote ya mjini, utamwona. Mama wa miaka arobaini na kitu anamweleza daktari kwamba mwili wote unamuuma, kichwa kizito, moyo unamwenda mbio, usiku anageukageuka kitandani mpaka adhana ya alfajiri. Anapimwa malaria: hana. Anapimwa taifodi: hana, au anaambiwa "ipo kidogo", maana taifodi ya kwetu haikosekani. Anaandikiwa panado na vitamini. Akishatoka mlangoni ndipo anamwambia mdogo wake neno ambalo daktari hakulisikia: "Ni mawazo tu."

Hilo "tu" ndilo ninalogombana nalo. Kwa Kiswahili mwenye wazo husifiwa, mwenye mawazo huonewa huruma. Neno lile lile likiingia wingi linakuwa maradhi. Ila ni maradhi tusiyoyapa heshima ya maradhi. Mwenye malaria analazwa na kupelekewa uji. Mwenye mawazo anaambiwa ajikaze, asali, aache kuwaza, kana kwamba kuwaza kuna koki ya kufunga. Na huku sayansi ilishayafuata mawazo hayo hadi ndani ya damu. Sehemu muhimu ya kazi hiyo haikufanyika Ulaya wala Marekani. Ilifanyika Kenya, porini, kwa nyani.

Kwanza mwili. Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo mfano wa kofia, inaitwa adrenali. Ukikurupushwa na mbwa mkali kichochoroni, tezi hiyo inamwaga adrenalini ndani ya sekunde chache: moyo unadunda, presha inapanda, misuli inapata sukari ya kukimbilia. Dakika kadhaa baadaye inafuata homoni ya pili, kotisoli. Hii ni kama mhasibu wa wakati wa vita. Inatoa akiba ghalani na kusimamisha kila matumizi yanayoweza kusubiri: kusaga chakula, kukua, kuzaa, kutengeneza askari wapya wa kinga. Mbwa akishapita, ghala linafungwa na matumizi ya kawaida yanarudi. Pundamilia aliyeponyoka simba anarudi kula majani muda si mrefu. Haketi usiku kucha akijiuliza simba yule alikuwa anamaanisha nini.

Sisi tunaketi. Mwenye nyumba hajaja kudai kodi, bado siku kumi, lakini mhasibu wa vita ameshaingia kazini na hatoki. Siku kumi, miezi kumi, miaka. Presha inayopanda kwa ajili ya mbio za dakika tano ikibaki juu mwaka mzima, inaichosha mishipa. Sukari inayotolewa kila siku bila mbio inazunguka kwenye damu bila kazi. Kinga inalegea, hamu ya tendo la ndoa inapungua, hedhi inavurugika, usingizi unakatika.

Aliyeziona alama hizi mapema alikuwa Hans Selye, mtafiti kijana huko Montreal, Kanada. Alikuwa akiwadunga panya majimaji ya viungo vya wanyama akitafuta homoni mpya. Alipowapasua akakuta tezi za adrenali zimevimba, tezi za kinga zimesinyaa, tumbo lina vidonda. Akadhani homoni ameipata. Kisha akawadunga vitu vingine visivyohusiana, matokeo yakawa yale yale. Akawaweka kwenye baridi kali, yale yale. Akawachosha kwa mazoezi, yale yale. Tarehe 4 Julai 1936 jarida la Nature likachapisha barua yake fupi, na hapo ndipo sayansi ya msongo ilipoanza kutembea. Neno letu "msongo" limekaa vizuri kuliko la Kiingereza, naona mimi, kwa kuwa linatoka kwenye kusonga: anayesongwa na umati mlangoni na ugali unaosongwa jikoni wote wanaijua hali hiyo.

(Kuhusu vidonda vya tumbo, niseme kabla hujaacha dawa zako: Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, waliopata tuzo ya Nobel mwaka 2005, walionyesha kwamba vingi vinaletwa na bakteria. Msongo huchochea, lakini bakteria haondoki kwa nasaha.)

Sasa twende Mara, mbuga ya wanyama ya Kenya. Mwaka 1978 alifika huko kijana wa Kimarekani wa miaka 21, Robert Sapolsky, akiwa na hema na swali moja: kwa nini wawili wakipatwa na dhiki ile ile mmoja anavunjika na mwingine hapana? Alichagua nyani kwa sababu ambayo ni ya kuchekesha na ya kuhuzunisha. Mbuga ile ina neema. Nyani anapata riziki ya siku kwa muda wa saa tatu hivi, simba hawamsumbui sana, njaa haimuui. Saa zote zilizobaki anazo za kuwasumbua nyani wenzake. Yaani dhiki yake haitoki porini, inatoka kwa jirani. Sapolsky aliona wazi kwamba huyo ni sisi.

Kazi yenyewe ilikuwa kupata damu. Kwa mrija mrefu alipuliza kishale chenye dawa ya usingizi na kumlenga nyani matakoni. Shida ni kwamba nyani akikuona unalenga anashtuka, na akishtuka tu kotisoli inapanda, kipimo kimeharibika. Kwa hiyo ilibidi amvizie mnyama ambaye hajapigana siku hiyo, hajapanda jike, si mgonjwa, na amegeuza mgongo, kisha amkimbilie achukue damu haraka kabla homoni haijapanda. Wahenga waliosema nyani haoni kundule hawakujua kwamba wangemsaidia mtafiti. Bila udhaifu huo wa nyani utafiti wote usingekuwepo.

Alirudi mwaka baada ya mwaka kwa zaidi ya miaka ishirini. Damu ilimwambia kwanza jambo ambalo maskini yeyote angemweleza bure: madume wa chini, wanaofukuzwa kivulini na kunyang'anywa chakula mdomoni, walikuwa na kotisoli juu hata siku ambayo hakuna kilichotokea. Walikuwa vitani wakati wa amani. Na vita halisi vilipokuja, miili yao iliitikia polepole kuliko ya wakubwa, mfano wa king'ora kinacholia usiku kucha halafu mwizi akija hakina betri.

Lakini wakubwa nao si kwamba walistarehe daima. Cheo kilipokuwa kinagombewa na hakuna ajuaye kesho nani atakuwa juu, homoni za vigogo zilipanda. Na kule Amboseli, chini ya Kilimanjaro, ambako Jeanne Altmann na wenzake wamefuatilia nyani tangu mwaka 1971, watafiti walipima kinyesi cha madume 125 kwa miaka 9 na kutangaza mwaka 2011 kwamba dume namba moja ana homoni za msongo karibu sawa na wale wa mkiani. Anayekaa vizuri ni namba mbili. Ukubwa ni jaa, na sasa una vipimo vya maabara.

Kulikuwa na jambo la tatu, nalo ni gumu kulisema. Dume aliyepigwa na mkubwa wake hageuki kumrudishia. Anamkimbiza dume mdogo, mdogo anamng'ata jike, jike anampiga kofi mtoto, yote ndani ya sekunde kumi na tano. Na anayempiga mwenzake namna hiyo, homoni zake zinashuka. Ni dawa inayofanya kazi. Nadhani ndiyo maana imeenea: mzee anafokewa kazini, anarudi nyumbani na kuulizia chumvi kwa sauti ambayo chumvi haikustahili, mama anamgeukia binti, binti anampiga teke paka. Hatufanyi hivyo kwa sababu ni watu wabaya. Tunafanya kwa sababu inatupunguzia, na anayetupunguzia ni paka.

Je, hiyo ndiyo sheria ya Mungu kwa viumbe wa aina yetu? Sapolsky mwenyewe karibu aamini hivyo, mpaka kundi lake likapatwa na msiba.

Karibu na kundi hilo palikuwa na loji ya watalii yenye jaa la taka, na kundi jingine la nyani lilishalifanya jaa hilo kuwa shamba lake. Madume wa kundi la Sapolsky wakaanza kuamka alfajiri kwenda kuvamia. Si wote. Walikwenda wale wakali, wenye uwezo wa kupigana na wageni kwa mfupa, na wasiopenda kukaa asubuhi wakitoana kupe na wenzao, maana huo ndio wakati nyani wanapokaa pamoja. Katikati ya miaka ya 1980 nyama ya ng'ombe mwenye kifua kikuu ikatupwa jaani. Walioila wakafa. Kundi likapoteza karibu nusu ya madume wake, na waliokufa ni wale wale wakali. Waliobaki walikuwa wapole, na majike wakawa wengi mara mbili ya madume.

Sapolsky alivunjika moyo, akaliacha kundi hilo miaka kadhaa. Aliporudi alikuta kitu asichokitegemea. Madume walikaa karibu na majike, wakichambuliwa manyoya na kuwachambua wenzao. Mkubwa alipigana na anayelingana naye, lakini kumwonea mnyonge bila sababu kulikuwa kumepungua. Na damu ya wanyonge haikuwa tena na dalili za vita vya wakati wa amani.

Ungeweza kusema: bila shaka, wakali wamekufa. Sikiliza sasa. Dume la nyani likibalehe huhama kwao na kwenda kuishi ugenini. Kufikia mwaka 1993 hakuna dume hata mmoja wa wakati ule aliyebaki. Wote walikuwa wahamiaji waliolelewa katika makundi ya kawaida, yenye vibao na kunyang'anyana. Wamekuja na ukorofi wao, na ndani ya miezi kadhaa wameuacha. Majike wa kundi lile waliwapokea wageni mapema na kwa upole kuliko kwingine, na mgeni aliyepokelewa hivyo alijifunza kwamba hapa hatuishi vile. Sapolsky na mkewe Lisa Share walichapisha habari hiyo mwaka 2004. Mimi huiona kuwa moja ya habari kubwa za sayansi zilizopata kutoka katika ardhi ya Kenya, na nashangaa kwamba watoto wetu wanakariri majina ya mbuga za wanyama bila kuisikia.

Ina maana gani kwa mama wa zahanati? Ina maana kwamba msongo wake si tabia yake peke yake. Kuna aliyemweka mkiani, na kuna waliomzunguka wanaoongeza au kupunguza. Huko London, Michael Marmot na wenzake wamewachunguza watumishi wa serikali ya Uingereza katika tafiti zilizoanza mwaka 1967. Wote wana mshahara, wote wana matibabu ya bure, hakuna anayelala njaa. Hata hivyo wa daraja la chini kabisa walikufa kwa moyo kiasi cha mara tatu ya mabosi, na sigara hazikutosha kueleza tofauti hiyo.

Si umaskini peke yake, basi, bali kutokuwa na usukani. Jay Weiss wa Chuo Kikuu cha Rockefeller alilijaribu hili kwa panya miaka ya 1960 na 1970. Panya wawili wanapigwa shoti ya umeme ile ile, nguvu ile ile, idadi ile ile. Mmoja anapewa ishara kabla ya shoti. Mwingine inamjia ghafla. Wa ghafla anapata vidonda vingi zaidi. Mpe panya kitufe cha kuzuia shoti, vidonda vinapungua. Mpe tu kipande cha mti cha kung'ata, vinapungua. Ninapoyasoma haya naufikiria umeme wetu wa majumbani. Mgao wenye ratiba tunaulalamikia lakini tunapika mapema, tunachaji simu, maisha yanakwenda. Unaokatika bila taarifa, hata kama ni wa saa chache, ndio unaotutoa roho. Na mshahara unaochelewa bila tarehe ni hivyo hivyo. Mwajiri anayesema "tarehe 12" badala ya "tutaangalia" ametoa dawa ya presha bila kununua kidonge.

Dawa nyingine ni mwenzako. Nyani wa Mara waliokuwa na kotisoli ya chini hawakuwa wenye nguvu tu bali wenye marafiki: madume waliokaa na majike bila kutaka kitu, waliocheza na watoto. Amboseli nako, utafiti wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mtoto wa jike mwenye uhusiano mzuri na wenzake ana nafasi kubwa zaidi ya kuimaliza miezi kumi na miwili ya mwanzo. Rafiki anahesabika kwenye uhai kama chakula.

Kutoka hapo kwenda kwa binadamu kuna hatua, na waliopiga hatua hiyo kwa namna inayonivutia zaidi ni mabibi wa Harare. Dixon Chibanda alikuwa mmoja wa madaktari wachache sana wa akili nchini Zimbabwe. Mgonjwa wake mmoja, mwanamke kijana, alijiua. Familia ilikuwa imekosa nauli ya kumrudisha hospitali. Chibanda akaona kwamba kumsubiri mgonjwa hospitalini ni kumsubiri mwenye nauli. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, akaanza na wanawake 14 wazee waliokuwa wahudumu wa afya wa kujitolea. Hawakuwa na vyeti. Walipewa mafunzo na benchi la mbao, likawekwa nje ya kliniki, chini ya mti.

Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili, na hakuna aliyetaka kuonekana juu yake. Mabibi ndio waliomwambia daktari abadilishe jina. Likawa benchi la kupeana mashauri. Kishona kina neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, ambalo ni mawazo yetu yale yale, na mabibi walilitumia hilo badala ya majina ya vitabuni. Kazi yao ina utaratibu. Bibi anasikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha matatizo yote yanatajwa, kodi, mume, deni, mtoto mgonjwa, na mwenye mawazo mwenyewe anachagua moja tu. Hilo moja linatafutiwa hatua ndogo ya kufanywa kabla ya kukutana tena. Hakuna anayeambiwa ajikaze. Anarudishiwa kipande kidogo cha usukani, kama kile kitufe cha panya. Baadaye anaunganishwa na kikundi cha waliopitia benchi, wanaofuma mifuko huku wakizungumza.

Mambo mazuri ya aina hii huishia kwenye picha za wafadhili. Hili lilipimwa. Watu 573 katika kliniki 24 za Harare, zaidi ya asilimia 40 wakiishi na VVU, waligawanywa: wengine wakapewa huduma ya kawaida iliyoboreshwa, wengine wakaketi na bibi hadi mara sita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA. Baada ya miezi sita, nusu ya waliopata huduma ya kawaida bado walikuwa na dalili za sonona. Kwa waliokaa benchini, ni asilimia 14 hivi. Wazo hilo limeshafika Malawi na Zanzibar.

Zanzibar inanifanya nitabasamu, maana mtu wa Mji Mkongwe au wa Lamu hahitaji kuelezwa maana ya benchi. Nyumba za kwao zilijengwa na baraza ya mawe nje ya mlango tangu mafundi wanachoma chokaa. Ila tusijidanganye. Barazani tunazungumza siasa, mpira, bei ya vitunguu, na nani kaoa wapi. Mwanamume anaweza kunywa kahawa barazani miaka ishirini na wenzake wasijue kwamba halali usiku. Siku akijinyonga ndipo kila mmoja anasema, "Lakini jana tulikuwa naye hapa!" Kilichowafanya mabibi wa Harare waponye ni kuuliza, kisha kunyamaza ili jibu lipate nafasi.

Sitaki mtu afunge ukurasa huu akidhani maongezi yanalipa kodi. Hayalipi. Na kuna mawazo yaliyovuka mpaka, yanayohitaji daktari na dawa, kama vile kuna malaria isiyopona kwa kinywaji cha mwarobaini. Mtu akikaa wiki mbili bila furaha ya chochote, hali, halali, anajiona mzigo, huyo haambiwi aende matembezi. Anapelekwa hospitali. Na akianza kusema maneno ya kutaka kufa, anapelekwa siku hiyo hiyo, na haachwi aende peke yake.

Wewe unayejijua, unayegeukageuka mpaka adhana: safari ijayo ukiingia kwa daktari, litamke lile neno ukiwa bado umekaa kwenye kiti, kabla hajashika kalamu kuandika panado. Na uliache hilo "tu" nje ya mlango.